Viatu vya Mwanamume Mlangoni pa Mwalimu

Kila nikimkumbuka Mwalimu huanza na viatu vyake, na viatu vyenyewe havikuwa vyake. Vilikuwa viatu vya kiume, vyeusi, vya kamba, vimewekwa nje ya mlango wa fleti yake kule Thamesmead. Mwalimu hakuwa na mume wala mtoto wa kiume, na mwanamume wa kuvaa viatu vile sikumwona akiingia mle ndani hata siku moja. Alivinunua duka la mitumba. Kila Ijumaa alivipiga rangi, na kila baada ya siku chache alivigeuza, leo vinatazama ukuta, kesho vinatazama lifti, ili wapitao wadhani mwenyewe katoka na karudi.

Nilipomuuliza mara ya kwanza alinijibu, "Huyo ndiye mume wangu. Hali, hasemi, wala haongezi mke." Akacheka, nami nikacheka. Lakini huku anacheka mkono wake ulikuwa unapapasa komeo la pili la mlango, kisha la tatu, nikajua mzaha ule una mzizi wake chini.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sitasema, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema. Kwetu Wazanzibari hilo ni jambo la kushangaza. Tukikutana London, hata kwenye foleni ya samaki kule Kilburn, swali la pili baada ya salamu ni "Wewe wa nani?" Mwalimu ukimuuliza wa nani alikujibu "Wa Mungu," kisha akakuuliza kama umekula. Nilijua ni mtu wa Unguja kwa anavyotamka. Nilijua alikuja zamani, na kwamba alisomesha historia katika skuli ya sekondari mpaka akastaafu. Watoto wa Kiingereza walifundishwa wafalme wao na mwanamke wa Unguja aliyejitanda mtandio, na asiyejua alipigwa jicho moja akajua.

Mimi nilimjua kwa sababu ya binti yangu, Rahma, aliyekuwa akienda kwake Jumamosi kusomeshwa kwa ajili ya mitihani. Tulikaa majengo ya jirani. Nilianza kwa kumpeleka mtoto mlangoni, nikaja nikawa nakaribishwa chai, na mwisho mtoto alimaliza mitihani yake na mimi nikabaki mwanafunzi.

Chai yenyewe aliimimina vikombe viwili hata akiwa peke yake. Redio yake haikuzimwa kutwa, na siku zote iliwekwa kwenye kituo cha wanaume wanaobishana kuhusu mpira, mchezo asioujua hata kidogo. Akiingia kwenye lifti na mwanamume asiyemfahamu, hushuka ghorofa isiyo yake na kungoja pale mpaka lifti irudi tupu. Bahasha za kahawia zilikaa mezani siku mbili kabla hazijafunguliwa. Na hodi alizigawa: hodi ya mara mbili ni jirani, hodi ya mara tatu ni serikali, na hodi ya mara moja, ya taratibu, ndiyo iliyomfanya aweke kikombe chini na kushika ukingo wa meza.

Ungeweza kusema ni mwoga tu, na watu walisema. Lakini siku moja tuliwakuta vijana wamekaa kwenye ngazi, kofia zimewafunika nyuso, moshi wa bangi umetanda, na mimi nikawa tayari kurudi nyuma. Mwalimu aliwapita katikati. Akamtazama mmoja wao na kumuuliza kwa Kiingereza kama mama yake anajua yuko wapi. Kijana akasimama, akampisha, akamwambia samahani Miss. Nilimuuliza vipi hakuwaogopa hawa, na anaogopa hodi ya mara moja.

"Hawa wanapiga kelele," alisema. "Mwenye kelele unamjua anataka nini. Muogope anayekuja kwa adabu, mwanangu. Anayekuja kavaa vizuri, kanukia, kashika mkono wa mzee wako, anaulizia hali yako."

Sikumwelewa siku ile. Niliona ni maneno ya watu wazima, yale yanayosemwa ili chai ipate kumalizika.

Jambo moja tu lilimfanya asahau mlango wake, nalo ni habari za yule Mwana. Alikuwa bibi mkubwa wa Kiingereza wa karne nyingi zilizopita, mjukuu wa mfalme, mwenye ardhi iliyokuwa ukiipita kwa farasi siku nzima hujaimaliza. Jina lake Mwalimu alilitaja mara chache, na mimi silitaji, maana kwetu alikuwa Mwana tu, kama watu wa kwetu wa zamani walivyowaita wanawake watukufu. Mwalimu alimzungumza kama mtu anavyomzungumza shoga yake aliyehamia mtaa mwingine.

Mwana aliolewa akiwa msichana mdogo, mumewe akafa, akabaki na mtoto mchanga. Sasa kwa desturi yao ile, mjane wa mtu mkubwa hakuwa mali yake mwenyewe. Mfalme ndiye aliyekuwa na kauli ya nani amwoe, na kauli hiyo aliwagawia watu wake, huyu apewe farasi, yule apewe mjane. Kabla mfalme hajaamua, bwana mmoja alikwenda kwenye ngome aliyokuwa akikaa Mwana, akamtoa, akamwoa. Alisema eti walikwisha kupatana. Mwana alisema nini, hakuna aliyemuuliza. Bwana yule naye hakudumu, akafa katika mwaka uleule. Mfalme safari hii hakuchelewa, akampa Mwana kwa kipenzi chake mmoja. Naye kipenzi akageuka mwasi, akafa katika uasi.

"Sasa sikiliza," Mwalimu alikuwa akisema hapa, na kila mara alisogeza kiti karibu ingawa hadithi nilikuwa naijua. "Waliomwoa walikufa. Aliyemmaliza ni shemeji yake."

Shemeji huyo alikuwa mume wa dada yake Mwana, na wakati ule ndiye aliyekuwa sikio la mfalme. Aliitaka ardhi ya Mwana iliyopakana na yake. Basi Mwana alikamatwa pamoja na wanawe, akafungiwa katika nyumba ya watawa kule Barking, na huko alikaa mpaka alipotia muhuri wake kukubali kubadilishana ardhi, nzuri kwa mbovu. Kisha hata hiyo mbovu akanyang'anywa. Hakupigwa. Alitembelewa tu, akazungumziwa kwa upole, akaulizwa kama anawapenda watoto wake.

Dirisha la Mwalimu lilitazama mtoni, na ng'ambo ya mto ndiko Barking. Alininyooshea kidole. "Pale. Kuta zao zimebaki vipande tu, watu wanapita wanakula chips. Mimi kila nikifungua pazia namwona."

Nilimuuliza kwa nini basi asihame akatafute fleti yenye dirisha la upande mwingine. Alinitazama kama nimemwambia amwache mgonjwa peke yake hospitali.

Mwisho wa shemeji yule ulikuwa mbaya, alikatwakatwa mbele ya watu, na mfalme akavuliwa ufalme. Mwana akarudishiwa vyake. Alikuwa bado kijana, tajiri, na kila bwana mwenye mtoto wa kiume alikuwa akimpigia hesabu. Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa akisimama wima kabisa, mzee wa watu na magoti yake mabovu. Kulikuwa na desturi, alisema, kwamba mjane anaweza kwenda mbele ya askofu, mchana, kanisa limejaa, na kusema kwa ulimi wake kuwa hataolewa tena. Askofu humvisha joho na pete. Kuanzia hapo hata mfalme hana kauli. Mwana alisema. Akaishi miaka mingi peke yake katika utawala wake, ana mahakimu wake, wahasibu wake, mafundi dhahabu wake. Wafalme walikwenda kula kwake. Alilisha masikini na alijenga chuo kule Cambridge ambacho mpaka leo watoto wa watu wanasoma.

"Aliolewa mara tatu hakuulizwa," Mwalimu alimalizia siku zote kwa maneno hayahaya. "Mara ya nne alijibu kabla hajaulizwa."

Siku moja alinipeleka Aldgate kumwona. Nilidhani tunakwenda makumbusho. Tukatoka stesheni, tukaingia njia nyembamba yenye majumba ya vioo pande zote mbili, watu wa ofisi wanapita na kahawa zao, na Mwalimu akasimama kando ya ukuta akasema ni hapa. Mwana alijijengea nyumba ndani ya kuta za watawa mahali hapa, na hapa akazikwa. Kaburi halipo tena. Mwalimu alijirekebisha mtandio, akaiambia lami, "Asalaam aleikum, Mwana." Nilimuuliza kama inajuzu kumtolea salamu Mkristo aliyekufa. Akasema yeye hajamuuliza Mwana dini yake, kamuuliza habari zake.

Mlinzi wa jengo akatoka, mwanamume mrefu mwenye suti, akatuuliza kwa adabu kabisa kama tumepotea na kama angeweza kutusaidia. Kucha za Mwalimu ziliingia kwenye mkono wangu kupita sweta. Tuliondoka mbio mbio, mzee ananivuta mimi, na hakuniachia mpaka tulipokuwa ndani ya treni na milango imefungwa.

Nimeeleza yote haya ili ieleweke ni mtu gani niliyemkimbilia nilipofikwa.

Mume wangu aliugua muda mrefu, na katika kuugua kwake mdogo wake alikuwa akituletea dawa, akapewa ufunguo wa mlango wetu. Lilikuwa jambo jema na nilimshukuru. Marehemu alipozikwa ufunguo haukurudi. Nilikuwa nimekaa eda, nyumbani, nimevaa nguo zangu za eda, sitoki, na mchana nilikuwa nikisikia kitasa kikizunguka. Kwanza kitasa, kisha nyayo ukumbini, na ndipo aseme "Hodi." Hodi ya mtu aliyekwisha kuingia.

Hakunigusa. Hakupaza sauti. Mimi nilikuwa nikikimbilia chumbani, maana shemeji si maharimu na eda ina mipaka yake, naye alikuwa akisema kupitia mlango, "Usijisumbue, shemeji, nakaa kidogo tu." Alikaa kwenye kiti cha marehemu. Alipunguza joto la nyumba kwa sababu linakula umeme. Alimuuliza Rahma anatoka kwenda wapi na anarudi saa ngapi, na Rahma akanijia chumbani uso umemwiva. Siku moja nikamsikia akizungumza kwenye simu na mtu, anasema "nyumbani kwetu hapa." Na alipokuwa akiondoka alisimama karibu na mlango wa chumba changu akasema kwamba yatima wanahitaji kivuli, eda ikiisha tutazungumza. Alikuwa anajua dini, nampa haki yake. Anajua kuwa mwenye eda haposwi waziwazi, hudokezwa. Basi alidokeza, siku baada ya siku, mpaka nikawa siwezi kula bila kusikiliza mlango.

Nilimpigia Mwalimu nikamwambia. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja tu. "Anabisha kabla hajaingia, au baada?"

"Baada."

Siku ya pili alimtuma Rahma kuniletea mfuko. Ndani yake mlikuwa na vile viatu, vimepigwa rangi vinang'ara. Alikuwa amejivua ngao yake mwenyewe akanipa mimi. Kwenye simu aliniagiza niviweke nje ya mlango, shemeji atadhani kaka yangu kaja kutoka Unguja, ataona haya kuingia.

Mwenye akili zake angeona hatari iliyopo. Mimi nilikuwa sina akili, nina hofu, nikaviweka. Shemeji alikuja, kitasa hakikuzunguka. Nilimsikia amesimama nje muda mrefu. Kisha akaondoka. Nilipata siku mbili za kulala usingizi, na siku ya tatu simu zikaanza, maana kwa watu wetu viatu vya mwanamume mlangoni pa mwenye eda vina tafsiri moja tu, na tafsiri hiyo ilikuwa imeshavuka mto na kufika Kilburn na kurudi.

Shangazi yake marehemu alikuja mwenyewe. Ni mwanamke mwenye imani, hana ubaya, na alikuwa amelia njia nzima. Nikamweleza kuwa viatu ni vya Mwalimu. Akaniuliza mwalimu gani wa kike anayevaa viatu vile, na nilipoanza kueleza nikajisikia mwenyewe namna maneno yangu yalivyokuwa kama uongo wa mtoto. Akanikatiza. Akasema tuyaache hayo, Mungu ndiye mjuzi, lakini heshima ya nyumba imetikisika na kuna mtu yuko tayari kuisitiri. Mdogo wa marehemu. "Wasemaje, mwanangu?"

Niseme sitaki, watasema kwa sababu ya mwenye viatu. Niseme nataka, nimekwisha. Nikautazama mkeka. Nilinyamaza mpaka chai yake ikapoa. Shangazi akanibusu kipaji cha uso, akavaa buibui lake, akaenda zake, na sikujua kuwa ameondoka na jibu.

Nilimpigia Mwalimu nikamsimulia. Nyuma yake wanaume wa redio wanabishana. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, nyembamba.

"Ulinyamaza?"

Nikasema nilinyamaza.

"Mwari akinyamaza ameridhi. Mjane hana ukimya. Hata kwa dini, mjane mpaka aseme kwa ulimi wake. Siku ya kutoka eda watakuja watu. Sema wewe kabla hawajakusemea. Nami nitakaa ubavuni pako, nimekushika mkono. Nnakuahidi."

Siku ile wanawake walinikosha, wakanivua nguo za eda, wakanivisha kanga mpya na kunifukiza udi. Nyumba ilijaa. Wanaume sebuleni wanasoma hitima, wanawake vyumbani. Kila mlango ulipofunguliwa nilitazama kama ni Mwalimu. Nilimtuma Rahma apige simu, ikaita mpaka ikachoka. Nikasema labda magoti. Nikasema labda lifti ina mwanamume.

Kisha nikaona sinia za halua zinapitishwa kwenda jikoni, zimefunikwa. Hitima yetu sisi tulikuwa tumepatana pilau. Halua na kahawa najua huliwa siku gani, na si siku ya hitima. Nikaenda dirishani. Chini pale shemeji alikuwa akishuka garini, kavaa joho na kilemba, na wenzake wawili wanamtengeneza mabega.

Rahma alikuwa pembeni yangu. Yeye Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Aliniuliza taratibu kama kuna mtu yeyote aliyeniuliza. Nikamwambia waliniuliza, nikanyamaza. Akanishika mkono ule aliokuwa aushike Mwalimu.

Sheikh akaja mlangoni mwa chumba na mashahidi wawili. Alikaa upande wa pili wa mlango, wanawake wakanyamaza. Akasema kaka yangu amempa uwakala kwa simu kutoka Unguja, anataka idhini yangu niozeshwe fulani bin fulani. Akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili. Shangazi akasema, kwa huruma kabisa, "Ameridhia, sheikh. Kanyamaza."

"Huyu mjane," sheikh akasema. "Lazima nimsikie."

Sijui niseme ilikuwaje. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mauti. Sheikh aliuliza mara ya tatu, na nikasikia sauti yangu, mbaya, imekwaruza.

"Sitaki. Sikuolewa na ukoo, niliolewa na mtu mmoja, na huyo kafa. Simtaki huyu wala mwingine. Na ufunguo wangu naomba nirudishiwe."

Mtoto wa mtu akaanza kulia chumba cha pili. Sheikh akavuta pumzi, akasema, "Mmesikia," akiwaambia mashahidi, na nyayo zao zikarudi sebuleni. Baada ya muda kidogo ufunguo ukapitishwa chini ya mlango, unasukumwa na kidole ambacho sikukiona. Rahma aliuokota. Kesho yake tukabadilisha kitasa hata hivyo.

Watu walinisusa. Kwenye shughuli wengine walinipa mkono wa kushoto, na wengine walisema bila kuficha kuwa mwenye viatu ndiye atakayeoa. Niliyavumilia. Nisichokivumilia ni kwamba Mwalimu hakuja, hakupiga simu, hakutuma mtu. Nilivitia viatu vyake kwenye mfuko, nikapanda mpaka kwake, nikaviweka mlangoni, nikaondoka bila kubisha. Nilijua yuko ndani kwa sababu redio ilikuwa inabishana. Aliniahidi, nikajiambia. Hadithi zote zile za Mwana, na mwenyewe kajifungia.

Tulikaa hivyo hasira yangu ikapata mvi. Mwisho nilikwenda kwa sababu Rahma alinisema, kisha nikakaa nje ya mlango ule nimeshika sufuria ya supu. Viatu vilikuwa palepale nilipoviweka, vumbi limevikaa, vidole vinatazama upande uleule. Havikugeuzwa. Ndipo nikaogopa, hofu nyingine kabisa. Nikabisha mara mbili, hodi ya jirani, nikajitaja jina kwa sauti.

Alichukua muda mrefu na makomeo yake. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Moyo, alisema, daktari kampa vidonge, na mkono aliupunga kuonyesha vidonge si kitu. Redio imezimwa. Alirudi kitandani kwa kushika ukuta, na kutoka kitandani pazia lilikuwa wazi, mto ule, na Barking upande wa pili katika jua la asubuhi.

Nilimlisha supu vijiko vichache. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe.

"Nilikuja," alisema. "Nilivaa buibui langu nikafika mpaka kituo cha basi mbele ya jengo lenu. Nikaona gari. Nikamwona yule mwenye joho anashuka, wanamtengeneza mabega. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka wote walipotoka, mabasi yananipita."

Kisha akaniambia, akitazama mtoni, kwamba wakati mmoja huko kwetu kulikuwa na wakubwa waliojichagulia wasichana wa watu, na mzazi hakuwa na hapana ya kusema, au alikuwa nayo akaimeza kwa ajili ya wanawe wengine. Mkubwa mmoja alikuja nyumbani kwao. Alibisha mara moja, taratibu. Kavaa joho, ananukia, kamshika mkono baba yake, anaulizia hali. Yeye aliwekwa mkekani chumbani, wakaja kumuuliza nyuma ya mlango, mara tatu.

"Nikanyamaza," alisema. "Wakapiga vigelegele. Nimeishi naye mpaka nilipopata njia ya kutoroka, na mpaka leo, mwanangu, kila hodi ni yeye."

Nilimwambia alikuwa mtoto. Nikamwambia wangemwozesha hata angepiga kelele. Akasema anajua, historia ameisomesha yeye si mimi. Akataka nimwambie nilivyosema siku ile, neno kwa neno, na nikamwambia. Alinirudisha kwenye "sikuolewa na ukoo" mara mbili. Kisha akaniomba kitu. Aliomba nitoke, nisimame nyuma ya mlango wa chumba, nimuulize.

Nikatoka. Nikarudisha mlango. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi ule mwembamba, uso wangu karibu na mbao, na nilijisikia mjinga kidogo, na chini ya ujinga ule niliogopa. Nikauliza kama sheikh alivyouliza. Mwari, unaozeshwa fulani, je, umeridhia?

Kimya.

Nikauliza mara ya pili. Nilisikia pumzi zake, fupi fupi, na kitanda kikalia. Nilitaka kufungua mlango nimwambie basi, imetosha, Mwalimu, usijiumize. Mkono ulikuwa tayari juu ya kitasa. Nikaurudisha. Nikauliza mara ya tatu, na baada ya hapo sikuwa na swali lingine la kumpa.

"Sitaki."

Ilikuwa sauti ya msichana. Kisha akasema tena, na safari hii ilikuwa sauti aliyowapigia wale vijana kwenye ngazi. Sitaki. Simtaki.

Akauliza kutoka ndani, "Nimesikika?"

"Umesikika, Mwalimu."

"Basi kavitoe vile viatu mlangoni."

Nikavitoa.